Mfuniko na Shimo Lake

Mama Bobini, fundi cherehani, anasema mfuniko wa chemba uliibwa mchana kweupe na watu waliovaa vizibao vya kung'aa. Anasema alikuwa barazani kwake anatia zipu kwenye sketi ya shule, lori likaja likasimama mbele yake na kumkinga jua. Wakashuka wanaume, wakapanga koni za barabarani kuuzunguka ule mfuniko, wakasimamisha na kibao cha kuomba radhi kwa usumbufu. Wakachomeka mtaimbo, wakaung'oa, wakaubiringisha kama gurudumu hadi kwenye lori. Mmoja wao aliomba maji ya kunywa. Mama Bobini alimpa kwenye kikombe cha bati, akanywa, akasema ahsante mama. Alipoulizwa mfuniko mpya unaletwa lini, akasema leo leo. Kisha wakaokota koni zao, wakaokota na kibao chao cha radhi, wakaondoka.

Jioni mvua ikanyesha. Maji yakajaa mtaani, rangi ya udongo, mpaka magotini, na chemba ikawa haionekani. Mama Bobini alikuwa amemtuma binti yake dukani kununua uzi mweusi.

Hayo ndiyo anayoyasema Mama Bobini, na mtaa mzima unamhurumia lakini haumwamini. Watu wanasema msiba umemvuruga. Tangu lini manispaa ikaiba mfuniko wa manispaa? Wanaona anatia chumvi, na kwa kuwa aliyefiwa haambiwi hivyo usoni, wanamwambia pole.

Kuhama kwa shimo, hilo hakuna aliyelibishia. Maji yalipokauka, watu walikuta pale palipokuwa na chemba pamekuwa ardhi ngumu, tambarare, kama ambayo haijaguswa na jembe. Shimo lilikuwa limeufuata mfuniko wake. Kinyozi alilisikia likipita chini ya kibanda chake wakati anafungua, kiti kikatetemeka na chupa za spiriti zikagongana. Muuza magazeti alilisikia likikata kona kuelekea barabara ya viwandani. Lilikwenda taratibu, alisema, kama mtu aliyejitwika ndoo na hataki imwagike. Wazazi waliwakataza watoto kucheza upande ule mpaka lifike linakokwenda.

Maofisa walikuja, wakaitazama ile ardhi, mmoja akaijaribu kwa kisigino. Kwa Mama Bobini walisema hapa hapana shimo, kwa hiyo hapana mtu aliyetumbukia. Halafu wakavuka barabara, wakabisha hodi nyumba ya pili, wakasema pale hapana mfuniko, kwa hiyo yupo mtu aliyeiba. Wakaondoka na kaka yake Sumaku.

Sumaku ni jina la kazini. Ni msichana mwembamba, si mwepesi wa kusema, anayefanya kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu. Shingoni huning'iniza sumaku kwa kamba ya kiatu. Kazi yake ni kuchambua: kinachonata ni chuma, kinatupwa kwenye chungu kubwa, kisichonata anakigeuza, anakikwaruza kwa msumari, kama ni shaba inakwenda chumba chenye kufuli. Nyumbani wako watatu, yeye, mama yao mwenye miguu inayovimba, na kaka, ambaye husukuma mkokoteni mitaani akinunua masufuria yaliyotoboka na fremu za baiskeli.

Sheria mpya ya vyuma chakavu ilipotoka, gari la matangazo lilipita likieleza. Wizi umezidi, lilisema, alama za barabarani zinang'olewa, vyuma vya madaraja vinakatwa, sasa basi. Kila mwenye yadi awe na leseni. Kila chuma kinacholetwa kikalishwe kwanza kwenye zizi maalumu, kingojee siku zilizowekwa, ili mwenye mali akitaka aje akitambue. Na kila anayesukuma mkokoteni akajiandikishe, apigwe picha, aweke dole gumba, apewe kitambulisho.

Wasukuma mikokoteni walicheka, wakala kona. Kaka yake Sumaku alioga, akavaa shati lake la kutokea, akaenda. Alirudi na dole lenye wino na kitambulisho shingoni, picha yake ndani ya plastiki, ametoa macho kama aliyeitwa ghafla. Wenzake wakambandika jina la Mheshimiwa. "Mheshimiwa, tupishe wananchi," walimwambia barabarani, naye aliwapisha kwa mkono, bila kukasirika. Alilala na kile kitambulisho. Alimwambia dada yake kwamba sasa serikali inamfahamu.

Ilikuwa inamfahamu kweli. Siku ya kutafuta mwizi wa mfuniko, askari walifungua jalada la wasukuma mikokoteni wa eneo lile, na ndani mlikuwa na picha moja.

Sumaku aliendelea kwenda kazini, maana mama lazima ale na kaka lazima apelekewe chakula. Mwenye yadi aliitwa Mizani kwa sababu ya tabia yake ya kuwakadiria watu uzito wanapoingia getini. Leseni yake ilitundikwa ukutani ndani ya fremu, imezungushiwa maua ya plastiki. Zizi la kungojea lilikuwa pembeni, limezungushiwa wavu, na ndani yake mlikaa vitu vya wanyonge: jembe, ndoo, kengele ya baiskeli, pasi ya mkaa. Vyuma vilivyoletwa na malori ya ofisi havikupita zizini. Vilikuja na muhuri, na chuma chenye muhuri hakina mwizi. Vilikwenda moja kwa moja kwenye chungu, vikabanwa, vikapelekwa tanuru.

Katika chungu hiyo, chini ya alama za barabarani na vitanda vya wodini vilivyokatwa miguu, ndipo Sumaku alipoukuta mfuniko. Aliutambua kabla hajaufuta tope. Ukingo wake ulikuwa umemeguka upande mmoja, pale ambapo yeye na kaka yake, utotoni, walikuwa wakidondoshea vizibo vya soda na kusikiliza. Alichukua mtaimbo, akaunyanyua kidogo.

Chini yake palipaswa kuwa na vyuma vingine. Palikuwa na giza la mviringo, harufu ya mtaro, na maji yanayotembea.

"Nani huko juu?" sauti ikauliza.

"Ni mimi, Sumaku."

"Dada Sumaku, mwambie mama uzi niliupata. Ila umelowa."

Sumaku alisema atamwambia. Akaweka kipande cha nondo ukingoni ili mfuniko usizibe kabisa, akajifuta mikono kwenye gauni, akaenda kumwita Mizani.

Mizani alikuja na kikombe chake cha chai. Alichuchumaa, akachungulia, akatema mate shimoni kwa mazoea, halafu akasema samahani, mtoto. Kisha akasimama. Hakuona jambo la kumshangaza. Alisimulia kwamba aliwahi kununua kengele ya shule iliyokuwa ikilia yenyewe wakati wa mapumziko, na mwaka jana kulikuwa na kitanda cha wodi ya wazazi kilichokuwa kikiguna toka asubuhi hata wateja wakawa hawakai.

"Chuma cha umma kina kelele, dada yangu," alisema. "Kikishabanwa kinanyamaza."

Sumaku akamwomba mfuniko uwekwe zizini kama sheria inavyosema, ili mwenyewe aje autambue. Mizani akasema umekuja na muhuri. Sumaku akasema kaka yake yuko ndani kwa ajili ya huu. Mizani akasema anajua, na anamhurumia, kijana mzuri yule, mwaminifu, alikuwa akimletea mzigo usio na mawe ndani. Yeye haibi, hununua tu. Lakini mtoto anayeongea juu ya chungu ataleta watu, na watu wataleta maswali, kwa hiyo bora akae pembeni. Siku za zizi ni siku tu, zitapita. Wakaukokota mfuniko kwa mnyororo, na shimo likaburuzika chini yake bila kumwaga hata tone.

Mama Bobini aliitwa. Hakupiga ukelele. Alikuwa anajua mwanawe amekufa, hakuwa mjinga. Lakini mtoto aliyekufa akikuita mama utafanyaje, utaitika. Aliingia zizini, akasogeza pasi ya mkaa, akakaa.

Walijaribu kumtoa mtoto. Wachambuzi waliunga kamba zote za yadi na minyororo ya winchi juu yake, wakateremsha, wakateremsha, kamba ikaisha, na mtoto akasema anaiona lakini iko mbali kama waya za umeme. Wakaleta ngazi, ngazi ikaelea. Hatimaye ikajulikana jinsi shimo lilivyo. Vitu vya kudondosha vilifika. Vya kuvuta havikufika. Mama Bobini alidondosha sweta, na baada ya muda mtoto akasema ahsante, limefika, lina joto. Alidondosha kitana, sabuni, kitabu cha hesabu. Akahamishia cherehani yake pale pale, wateja wakawa wanakuja kupimwa viuno zizini, wakimsalimu na mtoto, wakimuuliza huko chini hali ikoje. Akisema baridi, wanasema hata huku juu ni baridi. Basi wakazoea. Mizani alilalamika tu kuhusu vipande vya vitambaa.

Sumaku hakuzoea. Alikuwa na hasira ya aina isiyopiga kelele, aliyoibeba kutwa nzima kama mtu aliyebeba kaa la moto mdomoni. Alichambua vyuma, akaangalia siku za zizi zinavyokwenda. Zikiisha kabla ya mwenye mali kuja, mfuniko utabanwa, na kaka yake atahukumiwa kwa kuuza kitu ambacho hakipo tena popote.

Alikwenda kituoni. Askari wa zamu alimsikiliza vizuri, hata akampisha akae. Alisema habari za shimo la Mizani anazo, mkewe amepimwa gauni pale. Akaeleza kwamba jambo lenyewe ni jepesi. Mwenye mfuniko ni manispaa. Manispaa ikitambua mali yake kule yadini, Mizani ataulizwa nani kaileta, atasema lori, na mkokoteni wa kaka utatoka kwenye kesi. Ila lori nalo lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayetakiwa kuja kutambua. "Umeuona ugumu, dada?" Sumaku akasema ameuona. "Basi usinichukie mimi," alisema askari, akamfungulia mlango wa kwenda kumwona kaka yake.

Mheshimiwa alikuwa amekonda shingo. Aliuliza miguu ya mama, akauliza kama mkokoteni umefunikwa. Hakuzungumzia kesi. Kilichomsumbua ni kwamba kitambulisho chake kilichukuliwa kuwa kielelezo.

"Wasihi wanirudishie kabla sijatoka," alisema. "Bila kile, watanikamata."

Sumaku alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumshika kichwa na kukiweka begani kama walivyokuwa watoto. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu ya nondo za dirisha. Alimpa chakula, akamwambia ataongea nao.

Kutoka hapo akaanza safari za manispaa. Huko alikaa kwenye benchi moja na watu waliokuja kwa mambo mengine, ukuta ambao kodi yake imelipwa mara mbili, mti ulioangukia banda, na kila mmoja alipoitwa dirishani aliambiwa mhusika ametoka. Mhusika wa mifuniko alikuwa Mkaguzi wa Mali. Sumaku alimjua kwa viatu, kwa kuwa mlango wa ofisi yake haukufika chini kabisa, na katika mwanya ule alikuwa anaviona viatu vyeusi vinavyong'aa, vimepandana kisigino juu ya kidole, wakati karani anasema Mkaguzi ametoka. Aliomba kitu kimoja tu. Hakuomba lori likamatwe, hakutaja muhuri. Aliomba Mkaguzi aje zizini aseme mfuniko huu ni wetu. Karani alisema ombi limepokelewa. Sumaku akaja tena kesho yake, akaambiwa bado limepokelewa.

Mkaguzi alikuja siku ya mwisho, na hakuja kwa ajili ya Sumaku. Alikuja na lori la kuchukua vyuma vya tanuru, kwa sababu Mizani alikuwa amempigia kwamba kuna mzigo wake mmoja umekwama zizini na unachelewesha mingine. Alikuwa mtu mnene kiasi, mpole wa sauti. Mizani alimpima kwa jicho. Wachambuzi wakaacha kazi. Mama Bobini akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

Mkaguzi akauzunguka mfuniko, akachungulia kwenye ule mwanya. Akauliza kina cha shimo. Sumaku akasema halina mwisho unaofikiwa na kamba. Mkaguzi akatikisa kichwa kama anayekubali hesabu.

"Mimi nahusika na mifuniko," alisema. "Mashimo ni idara nyingine."

"Nimekuomba kwa mfuniko, baba, si kwa shimo."

"Mfuniko wowote wa manispaa una herufi za manispaa. Huu sioni."

"Umezikanyaga."

Mkaguzi akatazama chini. Akaondoa kiatu cha kulia, herufi zikaonekana, zimetuna, hazijachakaa hata kidogo. Akaweka cha kushoto.

"Hata sasa sioni," alisema.

Mchambuzi mmoja akacheka, kicheko kikamfia. Sumaku alihisi lile kaa limefika kooni. Alikuwa na mtaimbo mkononi na kila mtu pale aliuona, Mkaguzi pia. Ungemtosha kwa kazi nyingine. Lakini aliuchomeka ukingoni, akamwambia Mkaguzi ashuke kama hataki kudondoka, na Mkaguzi aliposhuka akaunyanyua mfuniko, akaukalisha wima dhidi ya goti lake, mzito ule. Baridi ya mtaro ikatoka ikawapiga wote nyusoni.

"Msalimie mgeni, mwanangu," Mama Bobini alisema. "Ni mtu mzima."

"Shikamoo, baba," mtoto akasema.

Mkaguzi alitoa simu mfukoni, akaitazama.

"Hajasikia," alisema mama mtu. "Ongeza sauti."

"Shikamoo."

Dereva wa lori akazima injini. Hakukuwa na mtu pale asiyejua kinachongojewa. Lilikuwa neno moja, marahaba, ambalo mtu mzima hulitoa hata akiwa usingizini, hata akiwa na chakula mdomoni, hata kwa mtoto wa adui yake. Lakini anayeitikia salamu amekiri kwamba kuna aliyemsalimu. Akiwepo mtoto, lipo shimo. Likiwepo shimo, upo mfuniko wake. Na mfuniko ukiwepo hapa, umeletwa na gari fulani, siku fulani, na kijana wa mkokoteni aende kwao akamsugue mama yake miguu. Sumaku alimtazama Mkaguzi mdomoni. Aliona ulimi wake ukisogea kwa mazoea, ukianza, na aliona anavyoushika kwa meno.

Mkaguzi akamgeukia mwenye winchi, akainua kidole.

Mwenye winchi alikuwa na watoto wake nyumbani. Alisema maneno fulani chini chini ambayo hayakusikika vizuri, halafu akavuta mkono wa mashine. Ndoana ikashuka. Mizani mwenyewe ndiye aliyeipachika, akiwa ameangalia pembeni, na alipomwambia Sumaku asogee asije akaumia, alimwambia kwa upole. Sumaku hakusogea mpaka wachambuzi wawili walipomshika mikono.

Mfuniko ukapanda. Shimo likapanda nalo, likining'inia chini yake kama gunia jeusi lililolowa, likichuruzika maji juu ya pasi ya mkaa na vitambaa vya sketi. Zizini pakabaki ardhi kavu. Mama Bobini alisimama, akanyoosha mikono yote miwili akasindikiza lile gunia hewani mpaka lilipompita urefu, akabaki na mikono juu. Dereva alifungua ubavu wa lori. Mkaguzi alikuwa ameweka mguu juu ya tairi, anajifuta tope la kiatu kwa kipande cha kitambaa alichokiokota chini.

Ndoana ilipozunguka, shimo lilipita juu ya Mkaguzi, karibu kabisa na kichwa chake, na kutoka ndani sauti ikaja, haikulia, ilikuwa ya mtoto aliyefundishwa adabu na anayedhani kakosea mahali.

"Shikamoo, baba. Naomba uniitikie."